Utumbo Ulioota Kooni

Mjukuu wangu alikuwa ananuka mdomo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililoliona mwanzo, kabla ya hospitali na kabla ya majina ya kizungu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na nne, meno meupe, anapiga mswaki mpaka fizi zinatoa damu, lakini akikuinamia kukusalimu unapata harufu ya tumbo la ndama, ile inayokupiga usoni ukimpasua ndama aliyekufa na maziwa bado yamo. Nimepasua ndama wengi. Naijua.

Nilimlea mimi. Mama yake, binti yangu, aliolewa upande wa Babati akaniachia mtoto akiwa anatambaa, nikamkuza hapa Rhotia kwa mahindi, maharage ya ngwara na maziwa ya ng'ombe wawili. Mimi nimeishia darasa la nne. Yeye alisoma mpaka akapata leseni ya kubeba watalii, na wasichana wanaoshusha gari mpaka chini kreta kwenye wanyama ukiwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja utabaki na kidole cha kujikunia. Jumapili nilikuwa nakaa benchi la mbele makusudi, ili nikiulizwa mjukuu yuko wapi leo, kanisa zima lisikie nikijibu, "Yuko kreta na Wajerumani."

Sasa mtu kama huyo ananuka. Ilinichukiza, na ilinichukiza zaidi kwa kuwa alikuwa wangu.

Kiungulia alikuwa nacho tangu utoto. Anakula, anakaa kidogo, halafu unaona shingo inafanya kama ya jogoo aliyekwamwa na punje, uso unakunjamana. Maji makali yamepanda. Mwingine angetema, yeye aliyameza tena.

"Nacheua tu, Aama," ananiambia. Aama ndiyo bibi kwetu Wairaqw.

"Ng'ombe anacheua na ananenepa. Wewe unacheua na unakonda. Acha."

"Nikiacha nitayaweka wapi?"

Dawa yangu ilikuwa magadi. Siku ya soko kulikuwa na mama mmoja wa Kimasai aliyekuja kutoka Olbalbal na mabonge ya magadi kwenye gunia, yale tunayotia kwenye makande yaive upesi. Tulikuwa tunaitana Yeyo, mimi na yeye, mama kwa mama, na mpaka leo hivyo hivyo. Nilikwangua magadi kidogo, nikakoroga na maji ya uvuguvugu, mtoto akanywa, akabeua mbeuo mrefu, na moto wa kifuani ukatulia. Nilijiona daktari. Nilimpa leo, nikampa kesho, nikampa miaka.

Alipofika miaka kumi na tatu akaanza kukohoa akilala. Kikohozi kikavu, cha kukwaruza, asubuhi anaamka mto umelowa maji ya njano yanayonuka. Hapa kwetu kikohozi cha mtoto kisichosikia dawa kina jina moja tu: kimeo. Ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Tunasema kikirefuka kinamgusa mtoto koo, anakohoa, anakonda, anakufa. Kwa hiyo kinakatwa. Mimi nilikatwa, mama yake alikatwa. Sikumuuliza mtu.

Nilimpeleka kwa mzee mmoja wa bondeni aliyesifika kwa kazi hiyo. Alikuwa na waya wa mwavuli aliokunja ncha kama ndoano, na kijiko cha kukandamizia ulimi, vyote vimekaa ndani ya kopo moja na tumbaku yake. Nilimbana mtoto kati ya magoti yangu, nikamshika kichwa. Alinitazama kwa chini mpaka mwisho. Mzee aliingiza ule waya, akavuta, na alipoutoa ule kinyama kilikuwa kimenasa kwenye ncha, chekundu, kimevimba, kama kupe aliyeshiba. Akakitupa uani. Mbwa wake akakila. Nilimuona akikila, na mtoto alimuona.

Kikohozi kilikoma siku kumi na moja. Nikatangaza kwa majirani kwamba amepona. Haikunijia akilini kwamba siku hizo kumi na moja alikuwa hawezi kumeza chakula, na asiyekula hana cha kucheua. Aliporudi kwenye ugali, kikohozi kikarudi, na mimi nikarudi kwenye magadi.

Basi ikaenda hivyo mpaka hiyo miaka ishirini na nne. Siku moja alikuwa chini kreta na wageni, wamekaa wanakula chakula cha kwenye maboksi kando ya lile bwawa la viboko, akainuka haraka akaenda nyuma ya gari akatapika. Kilichotoka kilikuwa cheusi, chembe chembe, kama makapi ya kahawa yaliyobaki chini ya birika. Mgeni mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa nesi kwao, alimfuata akayatazama yale matapishi bila kukunja uso, akamwambia ile ni damu iliyokaa tumboni, aende hospitali wiki hiyo hiyo. Alinisimulia nyumbani akicheka, eti mzungu amesafiri bahari nzima kuja kuangalia simba, ameishia kuangalia matapishi. Mimi sikucheka. Tulipanda basi la asubuhi kwenda Arusha.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwa binti yangu. Alitaka nikae nje. Mjukuu hakuuachia mkono wangu, basi akaniruhusu.

"Bibi, kaa pale. Kama huwezi kuangalia, tazama ukutani."

"Nimechinja mbuzi wengi kuliko siku ulizoishi."

"Huyu siyo mbuzi," akanijibu, akaendelea na kazi yake.

Walimpulizia dawa ya ganzi kooni, wakambanisha meno na kitu cha plastiki, halafu wakamshindilia mpira mweusi wenye taa na kamera mbele, mnene kama kidole changu. Hawakumlaza usingizi siku hiyo. Aliguna, akajinyonga, machozi yakatoka, mate yakamwagika kama ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa midomo. Sijawahi kuona kitu cha aibu namna ile anafanyiwa mtu mzima akiwa macho. Kwenye televisheni ndogo ya pembeni nikaona mdomo wake kwa ndani, mkubwa kama pango, na daktari akasimama.

"Kimeo cha huyu kiko wapi?"

Nilitazama ukutani.

"Bibi, nani alimkata?"

"Alizaliwa hivyo," nikasema.

Mjukuu wangu alikuwa na mpira mdomoni, hawezi kusema neno. Lakini macho yake yaligeuka kwangu, yale yale ya magotini kwangu, yakakaa hapo. Daktari akamwambia msaidizi wake aandike. Ikaandikwa.

Mpira ukashuka. Kwanza bomba lilikuwa jeupe la waridi kidogo, safi, kama ndani ya mdomo wa chini. Chini zaidi, karibu na tumbo, rangi ikabadilika. Kulikuwa na ndimi nyekundu zinapanda kutoka chini, zina vinyweleo, zinateleza, na nikazifahamu palepale. Kila Krismasi maisha yangu yote nimegeuza utumbo wa mbuzi nje ndani, nikausugua kwa unga na maji ya moto.

"Huo ni utumbo," nikasema.

Daktari akageuka. "Nani amekuambia?"

"Mikono yangu."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mikono yako imesema kweli."

Baadaye alitukalisha akaeleza. Asidi ya tumboni imekuwa ikipanda tangu mtoto akiwa mdogo, inaunguza umio, yaani bomba la chakula. Umio umechoka kuungua, ukavaa ngozi nyingine, ngozi ya kiutumbo, ambayo inastahimili. Unaitwa ugonjwa wa Barrett. Siyo saratani, akarudia mara mbili, siyo saratani. Ila ngozi hiyo kwa watu wachache huja ikageuka saratani, na ikigeuka bila mtu kuona, imekwisha. Kwa hiyo vidonge kila siku kabla ya kula, chakula kidogo kidogo, asile jua likishazama, kitanda kiinuliwe kichwani, na baada ya mwaka arudi aangaliwe tena. Akasema kwa kawaida anauona kwa wanaume wenye vitambi waliovuka hamsini. Akamtazama mjukuu wangu kama mtu aliyeletewa barua ya mwingine.

"Alikuwa anatumia nini nyumbani?"

"Magadi," mjukuu akajibu, sauti imekwaruzika.

"Yalikuwa yanakutuliza tu. Kidonda kilikuwa kinaendelea chini yake. Yaache kabisa. Na mwakani uje na mtu. Tutakuchoma sindano ya usingizi, na bila mtu wa kukurudisha nyumbani hatukupokei."

Tukarudi. Sasa niseme nililofanya, maana bila hilo mengine hayaelezeki.

Nilipata kinyaa na mjukuu wangu. Nikimtazama akila, nauona ule utumbo unapokea tonge. Akikohoa, najifuta mkono. Zamani kwetu mtu aliyepatwa na mkosi, mimba ya nje au kifo kibaya ndani ya nyumba, alitengwa. Tunaita metimani. Anakula chombo chake, haingii kwa jirani, hachukui moto kwa mtu, mpaka muda wake uishe. Kanisa lilituambia tuache na tukaacha, midomoni. Mikono haikuacha. Nilienda dukani nikanunua kikombe cha plastiki cha kijani, nikakiweka na sahani moja na kijiko kimoja kwenye rafu ya dirishani, mbali na vyombo vingine. Sikumwambia kitu. Siku ya tatu akaniuliza.

"Aama, hiki cha kijani ni cha nani?"

"Chako."

"Na vile vya kabatini?"

"Vya watu."

Nilisikia mdomo wangu umelisema. Yeye aliinamisha kichwa, akacheka kidogo puani.

"Haya," akasema. "Basi acha nikatafute wenzangu tusio watu."

Mwisho wa wiki alihamia chumba cha kupanga Karatu mjini. Nilisema kwa majirani kazi imemtaka akae karibu na geti la kreta. Akina mama wa jumuiya ya kanisa wakaja na sukari na khanga, wamesikia kwa madereva kwamba binti anatapika, hali chipsi usiku, anameza vidonge kwa saa.

"Hongera, bibi," wakasema. "Baba yake ni nani?"

Mimba isiyo na baba ni aibu, lakini ni aibu ya kawaida, ina nguo ndogo na ubatizo. Nikapima mimba na utumbo wa kooni, nikanyamaza. Niliwaacha waondoke wakiamini. Ile khanga ninayo.

Alipiga simu mara moja moja. Uzima? Mzima. Kazi? Ipo. Hakuniambia na sikuuliza, ila baadaye nilijua aliyokuwa anafanya. Alikuwa akilala ameegemea ukuta kama abiria. Chakula cha jioni alikula saa kumi, garini, peke yake. Madereva wenzake walimwita Mchungaji kwa kuwa hanywi bia, na mmoja, mla nguruwe, alimwambia kila siku, "Mchungaji, tuombee, leo tunakula kiti moto." Vidonge vilimfaa miezi ya mwanzo, harufu ikapungua. Mimi nilikuwa Rhotia na vikombe vyangu safi kabatini.

Karibu mwaka utimie, Yeyo wa Olbalbal alinikuta sokoni.

"Mtoto wako anapika makande ya harusi?"

"Kwa nini?"

"Amechukua kwangu mabonge matatu makubwa ya magadi. Nimempunguzia. Amekonda, Yeyo."

Niliyaacha maharage yangu hapo kwa Yeyo, nikapanda bodaboda mpaka Karatu. Vumbi jekundu mpaka masikioni. Mlango wake ulikuwa umerudishwa tu. Ndani, saa saba ya mchana, alikuwa amejikunja kitandani, na ile harufu ya tumbo la ndama ilikuwa imejaa chumba kizima, hata kwenye pazia. Kando ya kitanda palikuwa na beseni. Na juu ya meza, bonge la magadi limekwanguliwa nusu, na bilauri.

"Vidonge viko wapi?"

"Vimekwisha mwezi uliopita."

"Hujanunua vingine?"

"Nimechoka. Haya yanatuliza hapo hapo. Si ulinifundisha wewe?"

"Na hospitali? Mwaka unatimia."

"Siendi."

"Ngozi ile inaweza kugeuka. Daktari alisema."

"Nilikuwepo, Aama. Nilisikia." Akageukia ukutani. "Wanataka mtu wa kunisindikiza. Nimwandike nani? Mama hajui hata naumwa nini. Madereva walidhani nina mimba, kijiji kinadhani nimeshazaa, waliniletea mpaka majina. Na wewe huwezi kunywa chai na mimi. Halafu nikifika kule nitafunua mdomo, na kwenye faili yangu imeandikwa nilizaliwa na kasoro. Nilizaliwa mzima mimi."

Nilichukua lile bonge la magadi na mengine mawili chini ya kitanda, nikatoka uani nikayatupa chooni. Nikarudi nikachukua lile beseni. Sitadanganya kwamba upendo ulinifumba pua. Yalikuwa ya njano na meusi, yana povu, yalitikisika nikitembea, na mate yalinijaa mdomoni. Nilizuia pumzi mpaka chooni, nikayamwaga, nikaosha beseni kwa jivu na maji mara tatu, nikarudi nikaketi kitandani kwake.

"Niandike mimi," nikasema.

"Utasema nini ukiulizwa kuhusu kimeo?"

"Nitasema nilikushika kichwa."

Aligeuka kutoka ukutani. Halafu akasema, "Na mbwa?"

"Mbwa hawahitaji kumjua."

Akacheka, kicheko kikamletea maji kooni, akayameza, tukakunja uso wote wawili.

Nilikaa kwake wiki mbili. Nilitafuta matofali manne kwa fundi wa jirani, nikayaweka mawili mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa. Alikuwa anateleza mpaka miguu inatoka nje. Nilinunua vidonge, nikampa mwenyewe nusu saa kabla ya uji, nikimsimamia kama kuku anayetagia njiani. Sabuni yake, kikombe chake, nilitumia hivyo hivyo. Siku za kwanza kila nikinywa chai, nilikigeuza kikombe kutafuta upande ambao hakuugusa. Nilikunywa.

Arusha, nilimwambia daktari kabla hajavaa glavu.

"Mwaka jana nilikudanganya. Alikatwa. Nilimpeleka mimi, nikamshika mimi."

Alitafuta lile faili, akafuta, akaandika. "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tatu."

"Angevuja damu akakufia mapajani."

"Ndiyo."

"Na kikohozi kilikuwa cha asidi. Tangu hapo. Ungemleta siku ile badala ya kwenda kule, pengine tusingekuwa hapa." Hakuinua sauti. Nilitamani ainue. "Umefanya vibaya, Bibi."

"Najua."

Safari hii nilikaa nje kwenye benchi. Walimtoa akiwa bado na usingizi wa sindano, mdomo wazi, ute mrefu unaning'inia kwenye kidevu mpaka kwenye blauzi, na harufu ya ile dawa imechanganyika na yake. Nesi akanipa karatasi laini ikachanika. Nikamfuta kwa ncha ya khanga yangu. Ute ulikuwa wa moto, ukanishika vidoleni kama ute wa ndama anayezaliwa. Nikaendelea kufuta. Alifungua jicho moja.

"Unakunja uso," akasema, maneno yamelewa.

"Unanuka."

"Na wewe."

Daktari akasema kwamba kwa kuangalia tu ile sehemu haijapanda juu zaidi, lakini macho hayatoshi, amekata vinyama vidogo vitapelekwa kupimwa. Tusubiri simu, wiki tatu hivi. Vinyama vingine tena vimekatwa kooni mwa huyu mtoto, nikafikiri, lakini hivi angalau vimewekwa kwenye chupa.

Wiki zile tatu sikumwambia mtu kwamba nasubiri. Ila akina mama wa jumuiya walipokuja kuuliza mtoto amezaliwa lini, niliwaambia hakuna mtoto, mjukuu wangu ana ugonjwa wa umio, umeota ngozi ya utumbo. Mmoja akaweka chini kikombe cha chai nilichompa. Nikakitazama kile kikombe, nikamtazama yeye, nikamwambia akinywe au asirudi kwangu. Alikinywa.

Simu iliingia nikiwa shambani navuna ngwara. Mikono imejaa utomvu, nikaishika kwa bega.

"Aama. Hakijageuka."

"Rudia."

"Wamepima vyote. Hakuna kilichogeuka. Ngozi ipo, bado ipo, na itakuwepo. Niendelee na vidonge, nirudi baada ya miaka miwili."

"Bado maana yake nini?"

"Maana yake bado." Nilimsikia anavuta pumzi. Nyuma yake wageni walikuwa wanacheka jambo fulani, na gari likinguruma. "Tutakuwa tunaangalia maisha yangu yote. Baada ya hii miwili, mingine, na mingine. Utaweza? Magoti yako yenyewe yanakulilia."

"Nitakuja na fimbo. Nikifa, mwambie mama yako, nimeshampigia simu Babati, nimemfundisha pa kukaa na cha kusema. Umekula?"

"Bado."

"Kula sasa. Jua linashuka."

Akakata, maana wageni walikuwa wanamwita. Nikasimama katikati ya ngwara, na kile kilichokuwa kimekaa tumboni mwangu tangu Karatu kikapanda chote kwa pamoja, uji wa mchana na maji makali yanayochoma mpaka puani. Nikatapika pale kwenye mtaro, mara mbili, nimeshika magoti. Koo liliwaka kama limemwagiwa mafuta ya moto. Ndivyo alivyokuwa akiungua yeye, kila siku, tangu anatambaa. Nikafukia kwa jembe, nikajifuta mdomo kwa kiwiko, nikaendelea na mstari wangu mpaka mwisho wa shamba.